Bega la Yaya

Simu iliita saa tisa usiku. Nilijua kuna shida kabla sijaipokea, kwa kuwa hakuna ampigiaye muuguzi wa usingizi saa hiyo ili kumjulia hali. Alikuwa mpwa wangu wa Beni. "Mjomba, mama analia na bega. Bega la kuume. Tumbo walilompasua haliumi hivyo, ni bega. Shangazi anasema amelishwa kitu pale mpakani."

Mama yake ni yaya wangu, kama tunavyowaita huku kwetu ndugu waliotutangulia kuzaliwa. Anauza vitenge katika soko kuu la Butembo tangu mimi niko shule ya msingi. Kwa miaka miwili alikuwa akishikwa na maumivu chini ya mbavu za kuume kila akila bugali na sombe yenye mawese mengi, uchungu wa saa mbili tatu unaozunguka hadi mgongoni, kisha unaachia kana kwamba hakikuwa kitu. Alitibiwa vidonda vya tumbo, akatibiwa minyoo, akatibiwa malaria ambayo hakuwa nayo. Ekografi ndiyo iliyosema kweli: mfuko wa nyongo umejaa vijiwe.

Mimi nimewalaza watu usingizi katika vyumba vya upasuaji vya Butembo na Beni kwa miaka 22. Katika vyumba nilivyofanyia kazi, nyongo hutolewa kwa kufungua tumbo: mkato chini ya mbavu, urefu wa kiganja au zaidi, na siku nyingi kitandani. Operesheni ya kamera inadai vyombo vya bei kubwa, umeme usiokatika katikati ya kazi, na mitungi ya gesi. Yaya aliitaka hiyo. Aliuza marobota mawili ya vitenge kwa hasara, akapanda gari hadi Kasindi, akavuka Mpondwe, akapita Kasese na Fort Portal hadi Kampala. Barabara ile ya Beni hadi Kasindi watu wameuawa humo mara nyingi. Kuipita ukiwa mzima ni uamuzi mzito, sembuse ukiwa mgonjwa.

Alipasuliwa Jumatano. Alhamisi akaruhusiwa, kwa kuwa ndivyo operesheni hii ilivyo: wengi hulala usiku mmoja, na wengine hurudi nyumbani siku ileile. Lakini kulala Kampala ni fedha, na nyumba za wageni hazijui kama umetoka kupasuliwa. Akapanda basi la usiku. Ijumaa jioni alifika Beni kwa binti yake, akiwa ameketi wima karibu saa zote tangu aondoke, na usiku huo bega likaanza.

Nilimwuliza mpwa wangu maswali kabla ya kumpa neno lolote la faraja, maana bega linaweza kuwa mambo mengine, moyo ukiwamo. Anahema vizuri? Kifua kinabana? Ana homa? Macho yamekuwa ya njano? Tumbo ukiligusa ni laini, au ni gumu kama ubao? Mguu mmoja umevimba? Yote alijibu vizuri. Kisha akaniambia jambo nililokuwa nalingoja: mama akilala chali, bega linapoa, akiinuka kuketi, linarudi. Nikashusha pumzi. Haikuwa sumu. Ilikuwa gesi.

Jambo hili nimelieleza mara nyingi tangu usiku ule, na kila mara naona uso wa anayenisikiliza ukibadilika, kwa hiyo nitalieleza polepole. Ndani ya tumbo viungo vimelaliana kama nguo zilizoshindiliwa sandukuni. Kamera ikiingia hivi hivi haioni kitu. Ndiyo maana daktari hutoboa tundu dogo karibu na kitovu na kuingiza hewa ya kabonidayoksaidi, ileile inayotoa mapovu kwenye chupa ya Fanta. Imechaguliwa kwa kuwa haishiki moto karibu na chombo cha umeme kinachounguza mishipa ya damu, na kwa kuwa damu huifyonza upesi, mapafu yakaitoa. Tumbo hupanda kama hema. Matundu mengine matatu hutobolewa, vyombo vyembamba virefu huingia, na mfuko wa nyongo ukishakatwa huvutwa nje kupitia tundu mojawapo.

Kazi ikiisha gesi hufunguliwa itoke, lakini haitoki yote. Inayobaki hupanda juu kama hewa yoyote, mpaka chini ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenga tumbo na kifua. Pale msuli umekwisha kunyooshwa kupita kawaida yake, na gesi ikikutana na unyevu wa utando wa tumbo hugeuka kuwa asidi hafifu inayowasha. Neva inayopeleka habari za kiwambo inaitwa freniki, nayo huanzia shingoni, kwenye mizizi ileile inayohudumia ngozi ya bega. Habari zikifika juu, ubongo husoma anwani ya jirani. Husema: bega.

Kwa hiyo bega la yaya lilikuwa zima kabisa. Shangazi angelikanda mpaka asubuhi asingekuta jeraha. Simlaumu shangazi. Mtu amepasuliwa tumboni, analia na bega, amekunywa chai mpakani mikononi mwa watu asiowajua, na katika nchi hii watu wamezoea kufa bila kuelezwa wamekufa na nini. Pasipo maelezo, sumu ndiyo jibu lililo karibu.

Nilimwambia mpwa wangu amlaze chali, mto chini ya magoti, kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa kiwekwe begani ili kumtuliza, kisha anisomee dawa zilizomo mkobani. Akazisoma herufi kwa herufi. Nikamwambia ampe parasetamoli palepale. Kulipokucha nikachukua motari, pikipiki ya kukodi, tukaiacha baridi ya Butembo, tukashuka kilomita 54 hadi Beni.

Jambo la kwanza niliomba kuuona mkoba. Kulikuwa na bahasha ya parasetamoli na bahasha ya ibuprofeni, zimeandikwa kwa Kiingereza. Yaya anajua Kinande, Kiswahili na Kifaransa cha biashara. Lakini lugha haikuwa sababu. Bahasha moja ilipungua vidonge viwili tu, vile vya usiku. Nyingine ilikuwa kamili. "Mdogo wangu," akaniambia, "nilikuwa naziweka. Nilitaka uchungu uje kabisa ndipo nimeze."

Nimeandika makala hii kwa ajili ya sentensi hiyo. Nimeisikia kwa wakulima wa Lubero, kwa walimu, kwa wake za wachungaji. Sisi huinunua dawa ya maumivu kwa shida, basi tunaiwekea akiba kama chumvi. Na dawa hiyo haifanyi kazi namna hiyo. Maumivu yakiachwa yapande, neva huchokozeka, na kile ambacho vidonge viwili vingekizuia saa kumi na mbili jioni, usiku wa manane sindano itakihangaikia. Baada ya operesheni, dawa hunywewa kwa saa, hata kama wakati huo huumwi sana. Mtu mzima mwenye ini zima na uzito wa kilo 50 au zaidi humeza gramu 1 ya parasetamoli, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, bila kupita gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni, miligramu 400 kila baada ya saa 8 pamoja na chakula, huongezwa juu yake kwa siku tatu hivi. Si dawa moja mara mbili. Kila moja ina njia yake ya kuyakamata maumivu, na zikienda pamoja hufanya kazi ambayo moja peke yake haiwezi. Ila mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, au pumu inayoamshwa na dawa za namna hiyo, mjamzito, na aliyekaukiwa maji mwilini asiiguse ibuprofeni, wala diklofenaki iliyo nduguye, mpaka daktari aseme.

Nina deni katika jambo hili. Mwaka wangu wa tatu kazini, katika hospitali moja ya Beni, nilikuwa zamu ya usiku. Kulikuwa na mama aliyetolewa nyongo mchana ule kwa kufunguliwa tumbo. Nilipita mara tatu na tochi. Mara zote alikuwa kimya, ameelekea ukutani. Kulipokucha nilimsifu mbele ya wenzangu: huyu mama ni mvumilivu, si kama wale wanaopiga kelele. Kisha nikambadilishia shuka, nikauona upindo wa kitenge chake. Alikuwa ameutafuna usiku kucha. Upana wa vidole vinne, kitambaa kilikuwa kimelowa na nyuzi zimeachana, na rangi ya bluu imemwingia kwenye midomo. Dawa ilikuwapo kabatini, hatua kumi kutoka kitandani pake. Sikuwa nimemwuliza.

Huku kwetu mwanamke hufundishwa kutolia tangu leba, na mwanamume hufundishwa hata kabla yake. Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kwanza kwa wagonjwa wa Mangina, ikaenea Beni, Katwa na Butembo, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 wakiwa wamekufa. Katika miezi ile homa, kutapika na maumivu ya tumbo zilikuwa dalili za kukupeleka nyuma ya uzio wa plastiki ya rangi ya chungwa. Mwenye vijiwe vya nyongo aliweza kuwa na zote tatu. Niliwaona watu wakijinyoosha mlangoni mwa kituo cha afya, wakifuta jasho, wakisema wamekuja kusalimia tu. Mlipuko ule uliisha. Ile desturi ya kuficha uchungu mbele ya mtu mwenye koti jeupe bado naikuta wodini.

Kwa hiyo siulizi tena "unaumwa?" Mtu wa kwetu akiulizwa hivyo na muuguzi hujibu "kidogo," kwa adabu. Mimi huinua mikono miwili mbele ya mgonjwa na kumwambia: kwa vidole kumi, vingapi? Sifuri ni hakuna, kumi ni uchungu ambao hujawahi kuuona zaidi. Namwuliza akiwa ametulia, kisha namwomba akohoe, namwuliza tena, kwa sababu anayesema viwili akiwa amelala huruka hadi saba akikohoa, na asiyeweza kukohoa anaweza kupata nimonia. Yaya asubuhi ile alinionyesha vidole vitatu kwa matundu ya tumboni, viwili kwa ndani, na vinane kwa bega.

Alinipa vidole hivyo kwa mpangilio wa kitabu bila kujua. Maumivu ya operesheni hii ni matatu. Kuna ya matundu, ambayo huwa makali siku ya kwanza. Kuna ya ndani, pale mfuko ulipobanduliwa kutoka kwenye ini, uchungu mzito usio na mahali maalumu. Na kuna ya bega, ambayo mara nyingi huchelewa, huja siku ya pili wakati mgonjwa anadhani amepona, na kwa kawaida huondoka ndani ya siku tatu nne.

Makovu madogo yametudanganya. Carl Langenbuch alitoa mfuko wa nyongo Berlin mwaka 1882, na kwa zaidi ya miaka mia moja njia ilikuwa ileile ya kufungua tumbo. Tarehe 12 Septemba 1985, Erich Mühe aliutoa kwa njia ya matundu huko Böblingen, Ujerumani, na wapasuaji wenzake wakamkejeli. Philippe Mouret akafanya hivyo Lyon mwaka 1987, na baada yake dunia ikafuata. Ilikuwa baraka, na ningependa kuiona Butembo kwa kila anayeihitaji. Lakini mgonjwa akionyesha vitundu vinne vya ukubwa wa kitufe cha shati, nduguze, na hata wauguzi, humwona kama mtu asiyepasuliwa. Humpa kidonge kimoja na kumwambia apumzike.

Sehemu kubwa ya maumivu yake ilipaswa kuzuiwa kabla hajaamka. Hapo ndipo pananiuma, maana mengi ya kuzuia tunayo. Bupivakaini, dawa ya ganzi, iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na sisi tunaijua kwa sindano ya mgongo ya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Aliyenifundisha kuishika alikuwa mmoja wa wauguzi wa hospitali ya Nyankunde, wale waliookoka mauaji ya Septemba 2002 na kukimbia kwa miguu msituni hadi Oicha. Mtu aliyewahi kubeba dawa mgongoni hafundishi kumwaga tone. Alituambia: kabla hujafikiri dawa ya kupeleka kichwani, fikiri ganzi ya kuweka pale kisu kinapopita. Bupivakaini isiyochanganywa na sukari, tofauti na ile nzito ya mgongo, ikidungwa katika ngozi na misuli ya kila tundu, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mgonjwa, hutuliza kwa saa kadhaa, ambazo ndizo saa mbaya kuliko zote. Kipimo ni sharti, maana ikizidi au ikiingia kwenye mshipa wa damu huugusa moyo. Lidokaini nayo hufaa, ila huisha mapema. Na kwa mgonjwa wetu wa mkato mrefu, ganzi ile kwenye kingo za jeraha ina kazi kubwa zaidi.

Kundi la wataalamu wa Ulaya liitwalo PROSPECT, linalopima ushahidi wa kila operesheni peke yake, lilipoitazama hii halikupendekeza kitu cha ajabu: parasetamoli na dawa ya jamii ya ibuprofeni, zianze kabla au wakati wa upasuaji, dozi moja ya deksamethasoni, ambayo hupunguza maumivu na kichefuchefu pia, na ganzi kwenye matundu. Dawa za jamii ya mofini ziwe za akiba. Nilipoyasoma hayo nilikwenda kwenye kabati letu nikahesabu. Zote zilikuwapo.

Kwa bega, dawa huanzia kwenye gesi yenyewe. Wapasuaji wengi huijaza tumboni kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Wakiweza kufanya kazi kwa shinikizo la chini ya hapo, kiwambo hakinyooshwi sana na bega hulia kidogo. Na mwishoni kuna kazi ya mtu kama mimi: matundu yakiwa bado wazi, meza imeinamishwa kichwa chini, nayajaza mapafu ya mgonjwa pumzi chache ndefu, taratibu, na kiwambo kinashuka kama mkono unaokamua na kuisukuma gesi nje. Ni suala la dakika moja au mbili, na haliongezi hata faranga moja kwenye bili.

Mofini ina nafasi yake, na naumia kwamba kwetu ni adimu. Jirani zetu Uganda wametuonyesha inavyowezekana: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, hutengeneza mofini ya maji ya kunywa, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa huruhusiwa kuwaandikia wagonjwa. Sisi tumejaza pengo hilo kwa tramadoli inayouzwa madukani bila cheti. Vijana wa motari huimeza ili wasichoke. Usimletee mgonjwa wako tramadoli ya dukani bila daktari. Humsokota kwa kichefuchefu, humfunga choo, na kwa watu wengine huwa mwanzo wa utumwa.

Mchana wa Jumamosi, baada ya dozi ya pili kwa saa yake, bega la yaya lilishuka hadi vidole vitatu. Nilimfundisha kukunja kitenge mara nne na kukikandamiza tumboni kila anapotaka kukohoa au kuinuka. Alichagua kizuri, kile alichokuwa amemletea binti yake. Jioni alizunguka mparachichi wa uani mara tano, mkono begani pa mpwa wangu, na shangazi akahesabu kwa sauti. Kutembea hupunguza upepo tumboni na huzuia damu kuganda miguuni. Kulala siku tatu bila kusogea ndiko kunakodhuru.

Kuna neno moja ambalo lazima lisikike huku kwetu kuliko kwingine. Maumivu ya kawaida ya operesheni hii hupungua siku hata siku. Yakiongezeka siku ya tatu au ya nne, au homa ikija, macho yakawa ya njano, tumbo likawa gumu, au mgonjwa akatapika kila anachokunywa, huenda nyongo inavuja ndani au njia yake imeziba. Homa hiyo usiiite malaria kwa mazoea ukakimbilia dawa ya duka la jirani. Pima malaria, naam, lakini umpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama kipimo kimeonyesha vimelea.

Yaya alirudi Butembo Jumatano iliyofuata na wiki ya tatu alikuwa sokoni, ingawa marobota bado wanamnyanyulia wengine. Wewe unayengoja kupasuliwa nyongo, iwe Butembo, Goma au ng'ambo ya Kasindi, kwa kamera au kwa kufunguliwa tumbo, mwulize atakayekulaza usingizi, kwa lugha unayoielewa, kabla hujapanda mezani: Utaniwekea ganzi mahali pa kisu? Mtaitoa gesi yote mnayoweza? Nitaanza dawa saa ngapi, na baada ya saa ngapi nitameza tena? Na wewe muuguzi wa zamu ya usiku, kile kitanda kilicho kimya, kilichoelekea ukutani, anza na hicho.